Gari Lililomzimikia Mbithe Peke Yake

Kila nikienda kwenye harusi au msiba wa wenzetu hapa Scarborough, Kanada, vijana hunisalimia, kisha hunivuta pembeni. "Shangazi Salome, gari langu linafanya hivi na hivi, nifanyeje?" Wengine huniuliza kwa Kiingereza, nami huwajibu kwa Kiswahili, na mpaka sahani za pilau zinaondolewa huwa tumeelewana. Sasa nimestaafu, na magoti yangu hayataki tena kusimama pembeni. Nimeona afadhali niyaandike mara moja. Mnaotaka msome, msiotaka endeleeni kukwama barabarani.

Nilifanya kazi miaka mingi kwenye kaunta ya matengenezo ya muuzaji mmoja wa magari mapya kule Markham. Aina ya magari sitaitaja, na haina haja, kwa sababu haya yanaweza kumpata mwenye gari lolote. Watu wakisikia nilikuwa gereji hudhani nilikuwa fundi. Hapana, spana sikuishika. Kazi yangu ilikuwa kumsikiliza mwenye gari, kuandika shida yake, kuipeleka kwa fundi, kisha kumrudishia mwenye gari jibu la fundi. Kwa kifupi, nilikuwa mkalimani kati ya mtu mwenye hofu na mtu mwenye haraka.

Nilikuwa nimetoka kwenye kazi tofauti kabisa. Dar es Salaam niliuza spea mtaa wa Gerezani. Pale mteja anakuja na kifaa kilichokufa, kinachuruzika oili, anakibwaga mezani: "Nataka kama hiki." Biashara imekwisha. Markham mteja alikuja mikono mitupu. Alikuwa na maneno tu, na maneno ya watu kuhusu magari yao mara nyingi ni mabovu kuliko magari yenyewe.

Aliyenifundisha kuyapokea maneno hayo ni Desmond, fundi wetu wa umeme, mzaliwa wa Guyana. Alikuwa mrefu kiasi kwamba akiingia ofisini aliinamisha kichwa hata pale ambapo mlango ulimtosha. Katika siku zangu za mwanzo alinirudishia karatasi niliyoiandika: gia boksi imekufa.

"Nani kasema imekufa?"

"Mwenye gari."

"Basi alitengeneze yeye." Akaiweka karatasi juu ya kaunta. "Usiniandikie anachofikiri, Salome. Niandikie alichosikia, alichoona, alichonusa, na alikuwa anafanya nini wakati huo. Kufikiri niachie mimi."

Mwenye gari alikuwa kijana wa kampuni ya kompyuta, ametazama video za mafundi wikiendi nzima. Nikamwuliza upya, akasema nyuma ya gari kunagonga kila akikanyaga breki. Desmond akaenda, akarudi na chupa ya chai iliyokuwa inabingirika chini ya kiti cha nyuma. Akamkabidhi. "Gia boksi yako hii hapa," akamwambia, "na kifuniko chake hakikazi vizuri."

Mwingine aliyenifurahisha ni mchungaji mmoja Mkongo. Nilimwomba aeleze mlio wa gari lake, akafikiri kidogo, akasema, "Bon, dada, kueleza siwezi. Nitaimba." Akashika usukani wa hewani mbele ya wateja wote, akaanza chini kwa chini, vuuu, vuuu. Alipoinamia kushoto kama mtu anayekata kona, mlio ukapanda. Alipoinamia kulia, ukanyamaza. Watu wakaweka vikombe vya kahawa chini. Desmond alikuwa mlangoni. Akasema, "Beringi ya gurudumu la mbele, upande wa kulia," akaondoka bila hata kulitazama gari. Na ilikuwa hiyo hiyo.

Kwa hiyo somo la kwanza ndilo hilo. Ukifika kaunta, usijifanye fundi. Sema gari lilikuwa mwendo gani, lilikuwa baridi au limeshapata moto, barabara ilikuwa nzuri au mbovu, tangi limejaa au liko karibu kukauka. Ikibidi imba. Na usiondoke kabla hujasoma kilichoandikwa, uone kama ni maneno yako au ni ya mtu aliyekuwa na haraka ya kwenda kula.

Lakini ninalotaka hasa kuwasimulia ni habari za Mbithe, maana yote ninayoyajua kuhusu gari lenye kasoro isiyokwisha nilijifunza kwake.

Mbithe alikuwa Mkenya, Mkamba wa Machakos, muuguzi katika nyumba ya kutunzia wazee kule Richmond Hill. Aliishi ghorofani hapa Scarborough na mabinti zake wawili, yeye peke yake ndiye mama na ndiye baba. Kabla ya gari alikwenda kazini kwa basi, anashuka hili anapanda lile, akifika kule amechoka kabla hajamgusa mgonjwa hata mmoja. Gari lile alilinunua likiwa jipya, lina harufu ya plastiki bado.

Mara ya kwanza alipokuja kwangu alinisikia nikiongea na simu, akagundua lafudhi, akabadilisha lugha palepale.

"Mama, hii gari imenizimikia kwa barabara."

"Ilikataa kuwaka?"

"La, si kuwaka. Ilikuwa inatembea. Niko barabara kuu ya 404, nakanyaga mafuta, hakuna kitu. Usukani ukawa mgumu, taa zote zikawaka kwa dashibodi. Nimejivuta mpaka kando, malori yananipigia honi. Nikakaa kidogo, nikajaribu, ikawaka kama haijafanya kitu."

Niliandika kila neno. Fundi akaunganisha kompyuta, akaliendesha, akalirudisha: shida haikuonekana.

Vijana, mkae mkijua maana ya maneno hayo. Fundi anapoandika kwamba shida haikuonekana, anasema kwamba yeye, siku hiyo, hakuiona. Hajasema haipo. Mwenye gari, hata hivyo, akiyasoma husikia kwamba ameitwa mwongo, na baada ya muda wale wa gereji nao huanza kuyasikia hivyo hivyo.

Mbithe akarudi. Limezimika tena. Fundi mwingine akaliendesha, hakuna kitu. Akarudi tena. Safari ile meneja wetu, Craig, alikwenda nalo nyumbani kwake na kurudi nalo asubuhi, akasema gari linatembea vizuri kuliko lake. Kule ndani mafundi wakaanza utani kwamba gari linamwogopa Mbithe. Mmoja aliniuliza kama nina hakika yule dada halali usingizi kwenye usukani akitoka kazini. Nilimjibu kwamba mtu aliyelala hakumbuki rangi ya taa za dashibodi, na Mbithe alizikumbuka zote. Lakini niliona swali limeenea. Hata dada yake wa damu, aliyeko Nairobi, alimwambia kwa simu aombe likizo apumzike.

Kisha ikatokea ile ya barabara kuu ya 401. Alikuwa amewachukua mabinti kutoka kwenye mazoezi ya kwaya, yuko njia ya katikati, magari kulia na kushoto, likazima. Lori lililokuwa nyuma yake lilikwepa, likaondoka na kioo chake cha pembeni. Hakuna aliyeumia. Gari lililetwa kwetu likivutwa, na Mbithe alikuja kesho yake kwa basi pamoja na wale watoto. Yule mdogo alipoliona gari kupitia dirisha alijificha nyuma ya koti la mama yake.

Nilitegemea atapiga kelele. Wengi hupiga kelele kwa mambo madogo zaidi. Yeye aliweka funguo juu ya kaunta taratibu.

"Mama Salome, mimi nashinda na wazee. Wakisema wanaumwa, watu wanasema ni uzee tu. Sasa najua vile huwa wanasikia."

Alipofika mlangoni akageuka, amekumbuka kitu, na safari hii alikuwa karibu kucheka kwa uchovu.

"Na mwambie huyo anayependa redio ya hoki aniachie stesheni yangu. Kila nikichukua gari hapa redio ni ingine, kioo kimegeuzwa, kiti kimesukumwa huko nyuma hata miguu haifiki."

Nikamwomba radhi. Nilimwelewa vizuri, maana mimi na yeye tulikuwa wa kimo kimoja, wale wa kuomba msaada wa kushusha unga kwenye rafu ya juu dukani.

Mchana nilikaa na Desmond kula. Nikamsimulia habari za lori, za mtoto nyuma ya koti, na mwisho, ili tucheke kidogo, nikamwambia na malalamiko ya redio na kiti. Desmond aliacha kutafuna.

"Kiti kimefanyaje?"

"Mnakisukuma nyuma. Yeye ni mfupi, anakaa mbele kabisa, karibu anaukumbatia usukani."

Akaanza kuhesabu kwa vidole walioliendesha lile gari: Craig, wale mafundi wawili, na yeye mwenyewe, aliyelizungusha asubuhi ile. Wote wanaume warefu. Kila mmoja, kabla hata ya kufunga mkanda, alikuwa amesukuma kiti nyuma.

"Salome, hakuna mtu hapa aliyeliendesha hili gari kama mwenyewe anavyoliendesha." Akanitazama toka kichwani mpaka kwenye viatu. "Leseni unayo?"

"Ninayo."

"Chukua funguo."

Nikavuta kiti mbele mpaka mwisho. Desmond akajikunja upande wa abiria, magoti kifuani. Hatukwenda barabara kuu. Tulizunguka mitaa ya nyuma ya Markham, penye maghala. Gari lilikwenda vizuri. Akaniambia nipite kwenye reli ya treni. Nikapita, hakuna kitu. Akaniambia nirudi nipite tena, na safari hii nisipunguze mwendo. Gurudumu lilipodunda kwenye reli ya pili, gari likafa.

Nilikuwa nimesikia habari hiyo mara nyingi kutoka kwa Mbithe, na nilidhani naijua. Sikuijua. Kinachotisha ni ukimya. Unakanyaga na hakuna kinachokujibu, usukani unakuwa mzito kama umeshikwa na mtu wa upande wa pili, na gari bado linakwenda. Nilipiga kelele jina la Desmond. Yeye alikuwa anapigapiga dashibodi kwa furaha, anacheka.

"Limezima! Umeona? Limezima!"

"Cheka likisimama!" nikamwambia. Nililivuta pembeni, na kwa kweli sikuona cha kuchekesha mpaka kesho yake.

Tuliporudi aling'oa kiti, akafunua zulia. Chini yake kulipita fungu la nyaya kwenda kwenye pampu ya mafuta, nyuma. Mguu wa reli ya kiti, kiti kikiwa mbele kabisa, ulikuwa unalikandamiza zulia hapo hapo, juu ya nyaya. Ngozi ya waya mmoja ilikuwa imesuguliwa yote, na nyuzi za shaba ndani zilikuwa zimekatika karibu zote. Zilizobaki ziligusana zilipotaka. Zikiachana, pampu inakosa umeme, injini inakosa mafuta. Ukisukuma kiti nyuma, mguu unahama, nyuzi zinarudi kugusana, na gari linakuwa zima kama siku liliyotoka kiwandani.

Craig aliitwa aone. Alichuchumaa, akaangalia muda mrefu. "Sawa," akasema, na akaenda kumpigia Mbithe mwenyewe. Nampa sifa yake kwa hilo.

Mngetaka hadithi iishie hapo. Haikuishia. Desmond alibadilisha ule waya, akaufunga vizuri, gari likarudi kwa mwenyewe. Baada ya wiki kadhaa likazima tena. Akafungua, akakuta mguu umeanza kuula waya mpya. Akaupitisha pembeni kadiri ulivyokubali, akaufunika kwa mpira mgumu, na ule mpira nao ukaanza kulika. Hapo ndipo aliponieleza tofauti ambayo nataka muishike. Kitu kikiharibika, unakibadilisha, basi. Lakini kikiwa kimepangwa vibaya tangu mwanzo, unaweza kubadilisha mpaka uchoke, gari linatengeneza ubovu wake upya. Kampuni iliyolitengeneza ilijibu kwamba gari limekarabatiwa ipasavyo na mteja aendelee kulitumia.

Mbithe akasema, "Sitaki mnitengenezee tena. Nataka waichukue."

Sasa hili la haki. Wengi wenu mnatazama mambo ya Marekani kwenye simu, mnakuja kuniambia kuna sheria, gari likikusumbua mara kadhaa kampuni inalazimika kulichukua. Kule majimbo yana sheria za namna hiyo. Quebec nao wametunga ya kwao. Sisi Ontario, nilipokuwa kazini, hatukuwa nayo. Tulichokuwa nacho ni sheria ya kawaida ya kumlinda mnunuzi, mahakama kwa mwenye moyo wa mahakama, na mpango wa usuluhishi ambao kampuni nyingi za magari zimekubali kuingia. Usuluhishi huo mwenye gari halipii. Gari lisiwe limezeeka wala kukimbia kupita kiasi, na lazima kwanza kampuni iwe imepewa nafasi ya kulitengeneza ikashindwa. Mnakaa mbele ya msuluhishi, kila mtu anasema lake, gari lenyewe linaangaliwa, na uamuzi ukitoka unawafunga wote wawili. Kwa hiyo ukikubali kuingia, jua umekubali pia kushindwa. Masharti hubadilika, ulizeni kabla hamjaanza.

Na hapo ndipo utajua faida ya kuandikiwa kila unapokwenda gereji. Kuna wapokeaji, wenzangu kabisa, ambao mteja akirudi na shida ileile humwambia, "Tumeitazama, nenda tu," bila karatasi. Wanakusaidia usisubiri, lakini safari hiyo ni kama hukuja. Mbithe hakukubali hata mara moja kuondoka hivyo. Nilidhani ni ukaidi. Baadaye akaniambia ni uuguzi: ambacho hakikuandikwa hakikufanyika.

Alipopeleka shauri lake kwa msuluhishi, alituomba mimi na Desmond tukaseme tulichokiona. Nilimwendea Craig.

"Salome," akasema, "unajua sisi tunauza magari ya hawa watu."

"Najua."

"Hakuna anayekukataza."

"Basi naomba ruhusa ya asubuhi."

Alizungusha kalamu vidoleni. Akanipa ruhusa. Niliogopa kidogo, sitawadanganya. Nilikuwa na umri ambao ukitolewa kwenye kaunta moja, hakuna kaunta nyingine inayokungoja. Lakini nilikuwa nimeshakaa kwenye kile kiti.

Shauri lilisikilizwa katika chumba cha mikutano hapa Scarborough. Msuluhishi alikuwa mama mmoja wa makamo, mwenye sauti ya chini. Kampuni ilimleta mwakilishi, kijana mtanashati, mwenye adabu. Desmond alivaa tai ambayo nadhani aliifunga mara ya mwisho siku ya ndoa yake. Alieleza habari za waya na mguu wa reli polepole, kwa kuchora. Mimi nikaeleza reli ya treni na ule ukimya. Kisha msuluhishi akasema twende tukaliendeshe.

Mbithe alikaa kwenye usukani, kiti mbele kabisa. Mwakilishi alikaa pembeni yake. Msuluhishi na mimi tukakaa nyuma, na Desmond akabaki kwenye maegesho kwa sababu hakukuwa na mahali pa kuiweka miguu yake. Tulipita kwenye matuta, tukapita kwenye barabara iliyochimbwa, tukapita penye mashimo ambayo Mbithe aliyafuata kwa makusudi. Niliomba gari lizime. Ni mara ya pekee maishani nimeomba kitu kama hicho.

Halikuzima. Lilikwenda kama bibi harusi.

Tulipoegesha, mwakilishi akasema kwa upole, "Kama mlivyoona."

Mbithe hakuzima injini. Alibaki ameshika usukani, akazungumza akitazama mbele.

"Leo halijazima. Sitasema limezima wakati halijazima. Hata wiki iliyopita halikuzima. Ndivyo lilivyo. Nikitoka hapa naenda kuwachukua watoto wangu, na mimi sijui kama leo ni ile siku ama si ile siku."

Msuluhishi akamwuliza yule kijana, "Una mtoto?"

"Ninaye, wa kike."

"Umesikia maelezo ya fundi. Ungempakia humu sasa hivi, kiti kikiwa hapo kilipo, umpeleke 401?"

Angeweza kujibu lolote. Nilimwona akitazama chini, pale kiti kinapokutana na zulia. Alikaa hivyo kiasi kwamba Mbithe akageuka kumtazama.

"Leo? Hapana," akasema.

Sijui kama kazini kwake walimpongeza kwa jibu lile. Mimi nilimheshimu.

Uamuzi ulipotoka Mbithe alinipigia simu kaunta. Kabla hajaniambia ulisemaje, nilisikia mabinti wakipiga vigelegele nyuma yake, nikajua kampuni imeamriwa kulichukua gari. Alinunua la kampuni nyingine, na sikumlaumu. Nilisikia kwamba kabla ya kulinunua alivuta kiti mbele, akamwambia muuzaji afunue zulia, na muuzaji alipocheka, yeye akangoja mpaka akalifunua.

Craig hakunisalimia kwa majuma machache. Mbithe na Desmond walikuwa wameshapeleka habari kwenye ofisi ya serikali kuu inayopokea taarifa za kasoro za magari, jambo ambalo mtu yeyote anaweza kulifanya bure. Kumbe walikuwepo wengine, mikoa mbalimbali, waliokuwa wameambiwa shida haikuonekana. Baada ya muda kampuni ikatangaza kuyaita magari yote ya toleo lile yarudishwe yatengenezwe, kile ambacho sisi kazini tulikiita rikoli. Walileta mguu mpya wa reli na njia mpya ya kupitisha nyaya. Siku hizo nilimsikia Craig akimwambia mteja, "Hii tuliigundua sisi, hapa hapa." Salamu zikarudi.

Kuhusu rikoli, sikilizeni. Kutengenezewa ni bure, uwe umenunua jipya au mkononi kwa mtu. Barua ya kukuita hutumwa kwenye anwani wanayoijua wao, na ninyi mnahama kila mkataba wa nyumba ukiisha. Kwa hiyo msiingoje. Chukueni namba ya chasisi, iko chini ya kioo cha mbele upande wa dereva, mumwulize muuzaji yeyote wa aina hiyo au mtazame kwenye mtandao wa kampuni. Mkinunua gari kuukuu, fanyeni hivyo kabla hamjashikana mikono. Nimeona watu wakibishana kutwa nzima juu ya bei ya gari ambalo liliitwa zamani na hakuna aliyeitika.

Miongoni mwa walioitika rikoli ile walikuwa Mama Gulzar na mumewe, Mzee Sadru, Waismailia wa Mwanza waliokaa Markham tangu nikiwa bado mgeni wa baridi. Tukikutana walizungumza nami kwa Kiswahili tu. Mama Gulzar alikuwa mdogo wa umbo kuliko hata mimi. Gari lilikuwa lake. Lilikuwa limemzimikia mara kadhaa, na Mzee Sadru aliliendesha akaona halina neno, akahitimisha kwamba macho na miguu ya mkewe imeanza kumsaliti. Watoto wao wakakubaliana naye. Akachukua funguo, kwa mapenzi kabisa, akaziweka mfukoni mwake. Tangu hapo Mama Gulzar alikuwa akienda jamatkhana, nyumba yao ya ibada, na kliniki kwa basi, kwa sababu alikataa kupakiwa kama mzigo ndani ya gari lake mwenyewe.

Niliwaeleza tatizo lilikuwa nini. Mzee Sadru aliniuliza mara mbili.

"Kwa hiyo ni kiti?"

"Ni kiti, mzee. Watu wafupi tu ndio waliozimikiwa."

"Na macho yake?"

"Macho yangu yanakuona vizuri sana," akasema Mama Gulzar.

Walingoja mpaka gari likatoka. Mzee alipokea funguo kutoka kwangu, akazitazama, kisha akamnyooshea mkewe. Mama Gulzar alizipokea, akaenda nje, akaingia, akafunga mkanda. Mzee alizunguka upande wa abiria, akashika kitasa. Hakikufunguka.

Kioo kikashuka kidogo. Nilikuwa mlangoni, nilisikia.

"Sadru, kituo cha basi kiko pale mbele. La kwanza utashuka kwenye plaza, halafu ungoje la pili. Linachelewa, usichoke."

"Gulzar, usifanye utoto."

"Chai utaikuta tayari."

Akaondoka, akawasha taa ya kuonyesha upande kama mtu aliye kwenye mtihani wa leseni, akaingia barabarani. Mzee Sadru alisimama akalitazama gari mpaka likapotea. Craig alikuwa amekuja kusimama nyuma yangu, akaniuliza kama tumtafutie usafiri. Nikamwambia tumwache kwanza.

Mzee alifunga vifungo vya koti, akavuka barabara. Basi lilipofika alimwuliza dereva kitu, akaelekezwa, akapanda. Lilipopita mbele yetu nilimwona amekaa dirishani, anacheka peke yake, anafuta machozi.